Mkono Katika Majivu

Pampu ya kuzimia moto ilipokufa pale kiwandani hakuna aliyeililia. Miaka yote ilikaa kwenye kibanda chake nyuma ya ghala, nyekundu, imenenepa, haina kazi, kama mjomba aliyestaafu. Shughuli yake kubwa ilikuwa kupakwa rangi wageni wakikaribia. Kumbe siku moja mtu wa bima kutoka Dar es Salaam akaomba aione ikitapika maji. Wakaiwasha. Ikakohoa, ikatoa moshi, ikamwaga kikombe cha kutu, ikanyamaza. Mtu wa bima naye akanyamaza. Alipofungua mdomo alisema ama pampu ipone, ama kiwanda kifungwe.

Mwaka wenyewe ulikuwa 2002, wakati wa mvua, na aliyekuwa Mtwara siku zile hajaisahau barabara ya Dar. Daraja la Rufiji lilikuwa bado linajengwa. Malori yalilala matopeni mpaka madereva wakaoa njiani. Kipuri cha pampu kilikuwa ndani ya lori mojawapo, au ndivyo walivyoambiwa. Meneja akaomba, akaomba tena, akamlisha mgeni pweza, hata mtu wa bima akalegea. Haya, kiwanda kiendelee, lakini mpaka pampu itakapopona waajiriwe watu wa kuzunguka usiku na mchana, wasio na kazi nyingine yoyote duniani ila kutafuta moto. Wakiuona wapige kelele, watoe watu, wauzime ungali mdogo. Siku watakapokutwa hawapo, bima imekufa, na lango litiwe kufuli.

"Yaani mtu analipwa kuungojea moto?" aliuliza Bi Mwanahawa, mkongwe wa wabanguaji, bila kuinua macho kwenye korosho zake. "Na usipokuja, anarudisha hela?"

Chumba kizima kikacheka. Kilikuwa kiwanda cha kubangua korosho, cha mtu binafsi, upande wa kwenda bandarini, na waliokuwa wakicheka ni wanawake waliokaa kwenye mabenchi marefu, mashine za kukanyaga kwa mguu mbele yao.

Asiyeijua korosho aelezwe mapema. Ganda lake lina mafuta meusi, na mafuta hayo hayana adabu. Yakigusa ngozi yanaichoma, inabanduka kama rangi ya mlango wa zamani. Ndiyo maana mbanguaji haketi bila majivu. Anachovya vidole, anabangua, anachovya tena, kutwa nzima. Na majivu hayo kila mwanamke huja nayo kutoka jikoni kwake. Ya tanuru la kiwandani hawayataki, kwa kuwa tanuru linakula maganda ya korosho na majivu yake yanawasha. Kwenye jambo hili kila mmoja ana dini yake: huyu anaapa kwa majivu ya mwembe, yule kwa ya mkorosho, na Bi Mwanahawa kwa ya makumbi ya nazi, wala asiambiwe kitu.

Sasa majivu yanayotoka jikoni alfajiri huweza kuwa na kaa limelala ndani. Na mle chumbani kulikuwa na magunia yaliyolowa mafuta ya ganda, ambayo yakiguswa na moto hayaulizi umetoka wapi. Mtu wa bima alipowaona akina mama wakipita langoni na makopo yao alishika kichwa. Akaweka sharti: kila kopo likaguliwe, mkono uingie mpaka chini.

Kwa zamu ya usiku waliajiriwa mgambo wawili. Ya mchana akapewa Isaya Komba, Mngoni wa Songea aliyezeekea kwenye kazi ya kupakia meli na hakuwahi kurudi kwao. Asubuhi yake ya kwanza Isaya aliingiza mkono kwenye furushi la kanga la mbanguaji mmoja akitafuta kopo, akaibuka na kitu ambacho si kopo. Kelele zilizofuata zilisikika sokoni Chikongola. Isaya akaenda moja kwa moja ofisini.

"Meneja, mimi nimebeba magunia ya saruji, nimebeba na jeneza la nahodha. Lakini pale langoni sirudi. Tafuta mwanamke."

Mwanamke aliyepatikana ni Mwasiti. Alikuwa amebangua korosho tangu kiwanda cha serikali hakijafungwa. Kilipofungwa alibangua uani kwake. Hiki kilipofunguliwa akawa wa kwanza mlangoni. Lakini msimu huo mikono ilikuwa imeanza kumgeuka. Korosho nzima zilimtoka vipande. Alipoitwa ofisini alijua anachoitiwa, akajifunga kanga vizuri, maana hata kufukuzwa kuna adabu yake.

Meneja Lukasi, mtu wa Bara aliyeletwa Mtwara kwa mwaka mmoja na akasahauliwa huko huko, alikuwa akisugua macho.

"Mwasiti, nilikuwa nikuite kwa jambo jingine. Lakini moto umekuombea."

"Moto gani, meneja?"

"Ambao haujaja. Unaweza kutembea kutwa?"

"Nimetembea kutoka Nanyamba na mzigo wa mihogo kichwani, na mimba."

"Mzigo hautakuwepo."

"Na mimba?"

Meneja alicheka kidogo, kicheko cha mtu asiyelala vizuri, akamkabidhi filimbi. Mwasiti akaipokea kwa mikono miwili na kushukuru upesi, kabla meneja hajafikiri mara ya pili.

Kuna jambo ambalo hakulisema pale. Vidole vyake vilikuwa havisikii. Hakujua vilikufa lini. Alijua tu kwamba siku moja aliepua sufuria ya uji kwa mikono mitupu, akaiweka chini taratibu, na Zainabu, jirani yake wa mtaa wa Magomeni pale pale Mtwara, akapiga ukelele. "Mwasiti! Una mkono wa chuma wewe?" Akacheka, akasema ndiyo, ni wa chuma. Baadaye alijaribu kushona vitambaa vya meza vya kuuza. Sindano ikapita kidoleni na akaendelea kushona mpaka ua jeupe likawa jekundu. Hapo hakucheka. Alihesabu kazi zote anazoziweza mwanamke asiye na shule wala mume, kufua, kusuka ukili, kusuka nywele, kupara samaki, na kila moja ilitaka vidole. Hii ya moto peke yake ilitaka miguu na macho. Vidole ilivitaka mara moja tu, asubuhi, pale langoni.

Akabuni njia. Bati halifichi joto, na shavu lake lilikuwa bado hai. Basi kila kopo alilibandika shavuni kama mtoto.

"Lete nimbusu huyu. Ee, huyu amelala. Pita! Huyu naye... huyu ana homa, shoga, mwage kwenye mchanga, umtie maji. Pita! Huyu wako ananuka maziwa mpaka leo, humwogeshi?"

Kisha akatumbukiza mkono mpaka chini, kwa ajili ya macho ya watu, na mkono ukarudi bila habari yoyote. Wanawake walicheka wakamwita Mama Makopo. Kila aliyepita alijua kwamba Mwasiti ni mtu wa mzaha. Mzaha ni pazia zuri sana. Watu hutazama maua yake wasiulize dirisha likoje.

Isaya, ambaye kwa desturi ya makabila yao alikuwa mtani wake, hakumwacha. "Mtani, unabusu makopo kwa sababu wanaume wamekwisha Mtwara?"

"Wapo. Waliokwisha ni Wangoni. Amebaki mmoja, na magoti hana."

Ni kweli magoti hakuwa nayo. Na hapa niseme wazi, kungojea moto usiokuja kunachosha kuliko kuuzima. Walizunguka tanuru, ghala, stoo ya magunia, chumba cha kubangulia, wakarudi langoni, wakaanza tena. Walikagua ndoo za mchanga ambazo hakuna aliyezigusa tangu walipozikagua. Walikitazama kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa kugongwa siku ya hatari, nacho kikawatazama. Macho yalichoka mpaka kila chekundu kikawa moto: kanga ya mtu, jogoo wa jirani, mdomo wa msichana wa ofisini. Jioni Mwasiti alikwenda nyumbani na kunusa chumba chote kabla ya kulala, ndipo akakumbuka kwamba huku halipwi.

Kila siku walimuuliza meneja habari za lori.

"Limefika Nangurukuru," alisema siku moja.

Siku mbili baadaye: "Liko Somanga."

"Somanga si nyuma ya Nangurukuru?" Isaya aliuliza.

"Ni nyuma."

"Kwa hiyo linarudi kwao. Lina akili kuliko sisi."

Mwasiti aliinamisha kichwa. Hakumwambia mtu, lakini kila lori lilipochelewa alipumua. Pampu ikipona, na yeye kwisha. Asiyesikia kwa vidole angepangwa wapi tena? Hivyo alizunguka akiomba mambo mawili yasiyopatana, moto usije na dawa ya moto isije.

Asubuhi ile mvua ilianza kabla ya adhana na haikujali watu wana safari. Wanawake walifika wote pamoja, wameloa, wamejifunika mifuko ya plastiki, wakasongamana chini ya kibati kifupi cha langoni.

"Mwasiti, fanya upesi, tunageuka samaki huku!"

"Busu upesi upesi! Leo siyo harusi!"

Akabusu upesi. Makopo yalikuwa yamelowa na baridi ya mvua, shavu lake nalo limelowa. Bi Mwanahawa alipofika hakuwa na kopo. Alishika kijungu cha udongo, kinene, kimefungwa kwa kipande cha kanga.

"Kopo liko wapi, Bi Mwanahawa?"

"Limetoboka, mwanangu. Na paa la jiko limevuja, majivu yangu yote yamekuwa uji. Nimechota haya ya mekoni leo leo. Nipitishe, mgongo unaniuma."

Mwasiti akakibandika kijungu shavuni. Udongo ulikuwa baridi kama shingo ya kobe. Akafungua kanga, akatumbukiza mkono mpaka chini. Majivu yalikuwa laini, alijua kwa macho. Mengine hayakumwambia. Nyuma walikuwa wakisukumana, mtu akapiga chafya, mtu akacheka. Alisita, kidogo tu, mkono umo ndani.

"Mwanangu, unatafuta pete?"

"Pita, Bi Mwanahawa."

Katikati ya asubuhi alikuwa nje ya stoo ya magunia, anafikicha macho, harufu ilipomfikia. Pua yake ilikuwa haijafa. Harufu ya tanuru aliijua, ya sigara ya mafichoni aliijua, ya samaki wa mgambo aliijua. Hii ilikuwa ya gunia. Alikimbia huku akipuliza filimbi, na kwenye mlango wa chumba cha kubangulia akaona moshi mwembamba ukipanda ukutani, nyuma ya benchi la wakongwe, pale magunia matupu yaliporundikwa.

"Tokeni! Nje wote! Acheni korosho!"

Reli ikalia, Isaya yuko kazini. Wanawake walitoka kwa fujo na vilio, mmoja amekumbatia mashine yake akidhani ni mwanawe. Moshi ukageuka mweusi. Mafuta ya ganda yalikuwa yameshika, na mwali ukachungulia katikati ya rundo, mdogo, mwekundu, wa kweli. Mwasiti alimwaga ndoo ya mchanga. Mwali ukazama kidogo ukatokea pembeni. Isaya alikuwa anakuja na ndoo nyingine, magoti yakimbishia. Hapakuwa na muda wa magoti. Mwasiti alikumbatia magunia yanayowaka, yote ya juu, akayaburuta mpaka mlangoni na kutoka nayo uani. Akarudi. Akachukua yaliyobaki. Mvua, ile mvua iliyolaaniwa asubuhi nzima, ikayapokea kwa sauti ya kukaanga.

Isaya alimaliza vipande vya ndani kwa mchanga. Alipotoka alimkuta amesimama katikati ya uwanja na gunia moja mkononi, ncha yake bado ina moto, kalishika kama mtu anayesubiri kamba ya kuanikia nguo.

"Mtani! Tupa!"

"Nini?"

"Mikono! Unaungua mikono!"

Mwasiti akatazama. Kweli, alikuwa anaungua. Akaliachia gunia taratibu.

Meneja alikuja mbio na mwavuli uliopinduka. Alitazama ukuta mweusi, akatazama ghala lililosalimika, akatazama wanawake wote wakiwa hai na wanazungumza wote kwa pamoja, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Mwasiti, umetuokoa. Nitawaandikia watu wa bima, wajue nina mtu wa namna gani." Wanawake wakapiga vigelegele. Mkono wa chuma! Mama Makopo! Mtu akamtupia kanga kavu mabegani.

Isaya alimpeleka chini ya upenu wa ghala, akammwagia maji ya mtungi mikononi, polepole, bila utani wowote. Malengelenge yalikuwa yameanza kupanda.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu lini nini?"

"Mtani, usinichoshe. Mtu akiungua hivi analia mpaka majirani wanahama. Wewe uliniuliza nini."

Mwasiti aliyatazama malengelenge. Maji yaliendelea kumiminika. "Ukisema, mimi naondoka leo," akasema mwishowe. "Unajua hilo."

"Najua. Sijasema kitu. Nauliza tu, yale majivu ulikuwa unayakagua kwa kitu gani? Kwa dua?"

Kabla hajajibu Bi Mwanahawa alikuja, ameinama, kanga imemshika mwilini kwa mvua. Hakuwa na mzaha usoni hata chembe.

"Ni mimi, mwanangu. Ni kile kipande cha kaa. Majivu yakipungua huwa naokota vipande navitupa pembeni, visinikwaruze. Leo nimetupa kimoja kule kwenye magunia. Lakini nilikishika, haki ya Mungu. Nilikishika kwa vidole hivi. Kilikuwa baridi."

"Kilikuwa baridi?"

"Baridi kabisa!"

Mwasiti akatazama vidole vya mwanamke yule. Vilikuwa vyeusi, ncha zake zinang'aa, hazina mistari, kama kokoto zilizolambwa na maji. Akatazama vyake. Kisha akatazama mikono ya wanawake waliojipanga chini ya upenu, wakisubiri moshi uishe ndani.

Karibu na lango mama mmoja aliuza chai. Mwasiti akamwomba kikombe cha bati, kile kisicho na mkono, akijaze chai inayochemka. Akakibeba mwenyewe kwa kanga, akampa Bi Mwanahawa.

"Shika, upashe mikono. Mpe mwenzako."

Bi Mwanahawa akakishika kwa viganja viwili, akashukuru, akampa Theresia, mwenzake wa benchi. Theresia akampa Esta, anayeabudu kanisa moja na Isaya. Esta akakinusa, akakipitisha kwa Subira. Kikombe kikasafiri, mvuke ukipanda, kwenye mikono ya wanawake waliobangua tangu enzi za kiwanda cha serikali, na hapana aliyesema hata "ss". Walizungumza, walitania, walilaumu paa. Kilipofika kwa Glory, aliyeanza kazi msimu uliopita tu, akapiga yowe.

"Mama yangu!"

Kikombe kikaanguka, chai ikaruka. Wanawake wakacheka sana. "Mtoto wa mayai huyu!" "Ataolewaje, hawezi hata kuepua chai!" Glory alikuwa anapuliza vidole, machozi yanamlengalenga. "Inachemka jamani! Nyie mmeshikaje?"

Kicheko kikaenda kikipungua mtu kwa mtu, kama taa za mtaa umeme unapokatika. Theresia akageuza viganja vyake juu. Esta naye. Mwishowe ikasikika mvua peke yake.

"Loo," alisema Bi Mwanahawa kwa sauti ndogo. "Kumbe tuko wengi."

Mwasiti alikwenda ofisini na mikono imefungwa vitambaa. Meneja alikuwa anaandika, akasimama kumvutia kiti. Jambo hilo lilikuwa halijawahi kutokea.

"Meneja, mikono yangu haisikii. Haisikii moto, haisikii chochote. Kaa la leo lilipita mkononi mwangu."

Meneja akaiweka kalamu chini.

"Kwa nini unaniambia?"

"Kwa sababu hata ya Bi Mwanahawa haisikii. Ya Theresia haisikii. Ukiniondoa mimi leo, kesho utamweka mwingine wa benchi lile lile, naye atasema pita."

"Mwasiti. Mtu wa bima akisikia kwamba mlinzi wangu wa moto haujui moto, anafunga leo leo. Pampu ikifika mambo haya yote yatakwisha."

"Pampu ndiyo itakagua majivu?"

Meneja alitazama dirishani kama anayetafuta lori kwenye mvua. Alionekana mtu aliyechoka kuliko Isaya na magoti yake.

"Nenda nyumbani," alisema. "Tutaangalia."

Na kila aliyewahi kuajiriwa analijua neno hilo. Tutaangalia ni mlango ulioegeshwa. Huwezi kusema umefungwa, lakini hakuna anayekukaribisha. Mwasiti alitembea nalo mpaka Magomeni. Usiku Zainabu akampaka ute wa mshubiri, akampulizia mikono, akamuuliza inauma? Akajibu haiumi, na mara hii hawakuona cha kucheka wote wawili.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Mwasiti alifika langoni mapema, bila kujua kama bado ni mtu wa langoni. Hakuna aliyemwambia njoo, hakuna aliyemwambia usije. Chini ya kwapa alibana chekeche lake la unga, na begani amening'iniza kibuyu cha maji. Isaya alimwona, akaleta beseni pana bila kuuliza, akaliweka juu ya mchanga.

Wanawake wakafika. Wa kwanza alikuwa Bi Mwanahawa, na kopo jipya la rangi.

"Leo hubusu?"

"Leo namwaga. Lete."

Akalishika chekeche katikati ya vifundo vya mikono, maana viganja vilikuwa vimefungwa, akalitikisa. Majivu yakashuka kwenye beseni, laini, meupe, na upepo wa bahari ukawapelekea wote usoni. Watu wakapiga chafya mstari mzima.

"Ee Mwasiti! Tunaoga majivu!"

"Chekeche lenyewe la ugali! Leo jioni wanao watakula makumbi ya nazi!"

"Watashiba," alisema Mwasiti. "Kuliko mkila kufuli la langoni."

Juu ya wavu vilibaki vipande vitatu vyeusi. Akainama, akavinyunyizia maji ya kibuyu, akategesha sikio. Kimya. "Pita." Wa pili akamwaga. Kimya. "Pita." Mstari ulikuwa mrefu, ulikwenda polepole, na jua likaanza kuuma. Hakuhitaji kidole chochote. Alihitaji macho, sikio na uvumilivu, na hivi viwili vya mwanzo vilikuwa vizima.

Alipoinua uso alimwona meneja amesimama nyuma ya foleni, mikono mfukoni. Wanawake wakampisha. Akaja mpaka kwenye beseni.

"Hii ni nini?"

"Zamu ya moto, meneja."

"Itachelewesha kazi."

"Itachelewesha."

Meneja alilitazama chekeche, akatazama vitambaa mikononi mwa Mwasiti. Akatazama mikono ya Bi Mwanahawa iliyokuwa ikirudisha majivu kwenye kopo. Akapiga chafya.

"Kuna chekeche kubwa stoo, la kupepetea vumbi la korosho," akasema. "Kesho utumie lile. Hili la watu lirudi jikoni."

Kisha akaondoka, viatu vyeusi vikiwa vyeupe.

Kesho. Mwasiti alilishika neno lile, akaligeuza, akaliona halina ufa. Mgongo ulimuuma, macho yaliwasha, na bado mstari ulikuwa umefika barabarani. Akapokea kopo la Theresia, akalimwaga, akatikisa. Kikabaki kipande kimoja, cheusi, kidogo kama tende, kimejikunyata kama mtu asiye na neno. Akakinyunyizia maji.

Chwii.

Mvuke mwembamba ukapanda. Theresia akaweka mkono mdomoni. Isaya akasogeza ndoo ya mchanga kwa mguu, na Mwasiti akakiangusha mle, akamwagia maji tena, akasubiri mpaka kikanyamaza kabisa.

"Makaa ya nyumbani kwako ni machache, shoga, lakini yana moto," alisema. "Haya. Mwingine."